Ufunguzi wa Shabani

Alhamisi iliyopita tulimpoteza kaka yangu Shabani. Msibani kila mwanamume alisifu kitu kimoja: ufunguzi wake wa drafti.

Enzi zetu pale Kariakoo, ubao wa drafti ulikuwa kipande cha boksi kilichochorwa kwa mkaa. Kete zilikuwa vizibo vya soda, vyako vimelala kifudifudi, vya mwenzako chali. Wanaume walijaa barazani tangu adhuhuri, wakibishana kana kwamba nchi itaanguka. Sisi wasichana tulipita tu na kahawa. Mama alikuwa akisema, "Mwanamke akikaa kwenye drafti, wali unaungua." Kwetu wali uliungua sana, maana nilicheza na Shabani jikoni.

Huko jikoni ndiko nilikougundua ule mtego. Kwenye drafti kula ni lazima, basi unamtolea mwenzako kete ya pembeni mapema kabisa. Akishaila, safu yake inabaki wazi, nawe unamla tatu kwa mkupuo. Nilimfunga Shabani siku nne mfululizo. Siku ya tano akaupeleka barazani.

Bingwa wa mtaa alikuwa Bwana Salehe, muuza vitambaa, mtu wa majigambo. Alipotolewa kete ile alicheka hadi kofia ikamdondoka.

"Mtoto kaniletea kitafunio!"

Akala. Akaliwa tatu. Tangu hapo mtego ukapewa jina la Shabani, na Shabani hakumsahihisha mtu. Nami nilinyamaza miaka yote. Nilimpenda, na kusema kweli niliogopa kuchekwa.

Sisi tulifikiri kwa vichwa. Vijana wa leo wanachezea kwenye simu, inawaonyesha pa kusogeza kete, na bado wanafungwa. Idi, mwanawe Shabani, ni mmoja wao. Jana baada ya hitma alikuwa na wenzake kwenye ubao wa drafti, akiwaeleza ufunguzi wa baba yake, tena akiukosea. Nikashindwa kuvumilia.

"Idi, mtego huo niliubuni mimi. Baba yako nilimfundisha mimi."

"Shangazi bwana! Pole, msiba umekuchanganya."

Wakacheka. Nikavuta kigoda, nikamwambia apange kete. Nikatoa ya pembeni. Akala. Nikala tatu.

Idi aliutazama ubao, kisha akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga.

"Dah! Mzee alikuwa noma. Yaani alimfundisha hadi shangazi, akaelewa!"