Kibandiko cha Kompyuta Namba Saba

Mimi ni mtunza stoo wa shirika moja hapa Arua, na sipendi kabisa uzembe wa watu. Asubuhi ya mkutano wa video, kamera ya kompyuta yangu ilionyesha giza tupu. Nikaizima, nikaiwasha, nikafuta hata programu yake. Wapi! Nikamwambia bosi kwamba fundi wetu, Adriko, ndiye ameiharibu.

Adriko akaja kwa pikipiki kutoka Koboko, amelowa chapachapa. Mbele ya bosi, akakwangua kitu juu ya kioo cha kompyuta kwa ukucha. Uso wangu ukatokea.

“Kamera iko mzima, mama. Mutu gani alibandika hii?”

Kilikuwa kibandiko cha namba ya mali ya ofisi. Bosi akakisoma kwa sauti: “Namba saba. Usibandue.”

Chini ya maneno hayo palikuwa na sahihi yangu.