Kitufe cha Kumpisha Mtu

Mimi sina subira na watu wanaosema mtoto wa ziwani hajui kahawa. Ottilia, binti wa kaka yangu kutoka Liuli, alikuja kukaa kwangu huku Mbinga asome chuo, kozi ya kutengeneza programu za biashara, na msimu wa kwanza tu alichuma kahawa nyingi kuliko wanangu wawili. Wavivu wale, nawasema waziwazi.

Mwaka wa mwisho chuo kilimtaka kila mwanafunzi atengeneze programu itakayotumiwa na watu kweli, si ya kuonyeshana darasani. Ottilia akachagua foleni ya mtambo wetu wa kumenya kahawa. Unafika na ndoo zako, unasajiliwa, kisha skrini ukutani inakuita kwenye mizani. Aliyetangulia kufika ndiye wa kwanza. Asipofaulu mradi ule hapati cheti, na kaka yangu alishasema hakuna kurudia mwaka. Atarudi Liuli kuanika usipa, dagaa wa ziwani.

Siku ya majaribio akaja mwalimu wake, Wilfred, na shati lake jeupe. Skrini ikamwita jirani yangu Tadea. Tadea, mtu aliyelelewa, akamgeukia Bibi Hildegardi aliyekuwa nyuma yake: "Shikamoo Bibi, tangulia." Bibi akaweka kahawa yake kwenye mizani. Skrini ikawa nyekundu: SIYO ZAMU YAKO.

"Mimi?" Bibi akauliza. "Nani kasema?"

"Kompyuta, Bibi."

"Imezaliwa lini?"

Tulicheka hadi machozi, isipokuwa Ottilia. Kompyuta iligoma kupokea mzigo wowote, foleni ikaganda, kahawa ikaanza kupata joto ndooni. Aliyefurahi ni mmoja tu, shemeji yangu Tobias, mtu ambaye hajawahi kumpisha hata mjamzito. "Hii ndiyo mashine!" akasema. "Haina shangazi wala mjomba." Mwalimu akampa Ottilia wiki moja arekebishe.

Jioni binti alilia mbele ya ugali. "Shangazi, nitaweka umri. Mzee atangulie."

"Na mwenye mtoto mgongoni? Na aliyetoka msibani? Na yule ambaye kahawa yake imelala, imeanza kuchacha? Heshima yote hiyo utaiandika humo? Utazeeka, mwanangu."

Akanitazama. "Kwa hiyo anayejua nani apishwe ni mwenye zamu mwenyewe?"

"Sasa nani mwingine?"

Wiki ile alishinda kwenye foleni pamoja nasi, akimwuliza kila aliyempisha mwenzake kwa nini. Halafu akaongeza kitufe kimoja tu. Skrini ikikuita, inakuuliza: UNAMPISHA MTU? Ukitaka unabonyeza, unamchagua, basi.

Mwalimu akarudi. Balaa gani! Siku hiyo wazee wote waliwahi asubuhi, wakamaliza. Tukabaki sisi wenye nguvu zetu. Hakuna mjamzito, hakuna mfiwa, kila anayeitwa anapita mwenyewe. Mwalimu akatazama saa.

"Ottilia, kitufe chako sijakiona kikifanya kazi. Na sitaki watu waigize, nataka mtu ampishe mwenzake kwa haja ya kweli."

Foleni ilibaki na wawili: Tobias, na nyuma yake mimi, wa mwisho. Uwii! Nikajua tumekwisha. Mtu huyu tumegombania naye mpaka wa shamba miaka na miaka.

Skrini ikamwita. TOBIAS, UNAMPISHA MTU? Maandishi makubwa, kila mtu anayasoma. Tobias akakohoa. Akamtazama Ottilia, aliyeshikilia ukingo wa meza. Kisha akanigeukia.

"Shemeji, huo mguu unakuuma tangu umesimama hapo. Tangulia."

Akabonyeza. TOBIAS AMEMPISHA KUNIGUNDA. Mizani ikapokea kahawa yangu bila ubishi, Tadea akapiga vigelegele, mwalimu akaandika, na Ottilia akanirukia shingoni nusura tuanguke wote. Nililia, sifichi. Habari za mguu wangu sikuwahi kumwambia Tobias. Kumbe alikuwa anauona.

Ottilia alifaulu, na programu yake tunaitumia hadi leo. Tobias naye siku hizi anadamka, anafika mtamboni kabla ya watu wote. Juzi nikamtania, shemeji, haraka hiyo ya nini?

"Nikiwa wa mwisho," akasema, "nitampisha nani?"