Mwamshaji wa Gatwekera

Jumatatu moja ya mwaka 1974, watu kumi na wanane wa mtaa wa Gatwekera walichelewa kazini kwa sababu hakuna aliyewaita. Majogoo waliwika kama kawaida. Majogoo hawakuwa na kazi ya kuwahi, kwa hiyo hakuna aliyewategemea.

Kwa miaka sita Lenah Nabalayo, ambaye mtaa ulimwita Mama Lusweti, alikuwa akibandika uji saa kumi alfajiri. Ukishachemka, alisimama mlangoni akaita majina, akianza na waliotembea mbali zaidi kwenda kazini: wa Eneo la Viwanda, kisha wa Kawangware, mwisho wa karibu. Yeye hakuondoka mlangoni. Sauti ndiyo iliyotembea, ikapita juu ya mabati yenye umande, ikamkuta kila mtu ndani ya usingizi wake.

Jumatatu ile kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyerukwa, na kila mmoja alijua sababu. Jioni wakaanza kuja kuomba msamaha. Shiundu alikiri kwamba alisema uji wake ni maji matupu. Murunga alikiri jambo la kuku. Mama Lusweti, ambaye hakuwa akijua lolote kati ya hayo, aliwasikiliza hadi mwisho.

"Sauti imeisha tu," alinong'ona. "Lakini nimeshukuru kujua habari ya kuku."

Basi wakamtibu koo. Tangawizi, chumvi, asali ya Kitui. Zahanati nayo ilimpa vidonge vya koo, mara tatu.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Nzomo, seremala kutoka Machakos. Kupitia ukuta ule wa udongo alimsikia akikohoa kila alipojilaza na kunyamaza kila alipoketi. Mwaka uliotangulia alikuwa amemtengenezea kitanda kilichoinuka upande wa kichwa, kama kiti kilichochoka. Hakuuliza kwa nini. Alidhani ndivyo Wabukusu, kabila la Mama Lusweti, wanavyolala, na yeye si mtu wa kuchungulia mambo ya watu.

Mara ya nne Nzomo alimsindikiza hadi hospitali kubwa, maana siku hizo kila mlima ulimkata pumzi. Daktari aliwasha tochi amwangalie koo.

"Daktari, fanya haraka kidogo," alisema Nzomo. "Amechoka. Huyu hulala akiwa ameketi."

Daktari alizima tochi. "Tangu lini?"

"Mwaka jana. Si ndio desturi yao?"

"Desturi ya nani?"

"Wabukusu."

Mama Lusweti alimgeukia polepole. "Nzomo. Nikilala chali nakosa hewa."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

Daktari alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akasikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akaagiza eksirei. Ndani ya kivuli cha moyo kulikuwa na kivuli cha pili, na njia ya hewa ya pafu la kushoto ilikuwa imesukumwa juu.

"Ulipokuwa mtoto uliwahi kuvimba viungo?"

"Magoti. Darasa la pili. Yalipona."

"Magoti yalipona. Moyo haukupona."

Akamweleza. Upande wa kushoto wa moyo una vyumba viwili na mlango kati yao. Ugonjwa ule wa utotoni uliufanya mlango kuwa mwembamba. Damu ikarundikana katika chumba cha juu, kikatanuka mwaka baada ya mwaka, hadi kikabana neva inayoendesha sauti.

"Koo lako halina kosa," alisema. "Itabidi tuupanue huo mlango kwa upasuaji."

"Sauti itarudi?"

"Huenda. Lakini tukiuacha, hutafika mwaka ujao."

Mama Lusweti alifikiri. "Pale nyumbani watu kumi na wanane wanachelewa."

"Mama, mimi nazungumzia moyo."

"Nimesikia. Panueni."

Walipanua. Pumzi ilirudi yote. Sauti ilirudi kiasi cha kufika mlango mmoja.

Mwaka huu, 1983, Mama Lusweti bado yuko Gatwekera, nyumba ile ile, na bado anabandika uji saa kumi. Ukichemka huita jina moja tu, la Nzomo. Nzomo ndiye huwaita wengine.