Amina ya Mume Wangu

Mara ya kwanza kumshuku mume wangu tulikuwa kanisani, Matinyani, tumekaa mbele kwa sababu yeye alikuwa mzee wa kanisa. Pasta alikuwa anasoma habari za kifo cha Sara, mke wa Ibrahimu. Mume wangu, aliyekuwa ameinamia Biblia ya kwenye simu, akashtuka akasema "Amina!" kwa furaha kabisa. Watu waligeuka. Pasta akaendelea na mazishi ya Sara.

Nilijiambia alikuwa amesinzia. Lakini aliyesinzia hashiki simu kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo nilimchunguza. Simu ilienda naye chooni, ikaenda naye kufunga mbuzi. Nikimuuliza, ananijibu ni kikundi cha wazee wa kanisa. Mimi niliamini ni mwanamke. Nilimchagulia hata huyo mwanamke: mjane mmoja mpole wa kwaya, aliyewahi kucheka mzaha wake. Nikaacha kumsalimia kwa mkono.

Mume wangu ni fundi wa mawe. Wakati huo alikuwa anajenga maduka kule Malili, anatoka Jumatatu na kurudi Jumamosi. Jumamosi moja alirudi na nyama, unga wa ngano, na gauni langu la kitenge.

"Kazi imelipa," alisema.

Jirani yetu, aliyekuwa akifanya kazi naye, alikuwa ameshaniambia kwamba ujenzi umesimama, simenti imekosekana. Nilijua hilo, na bado nilivaa lile gauni siku iliyofuata. Lilinikaa vizuri. Mume wangu akasimama mbele ya kanisa kushuhudia: Mungu amemfungulia mlango ambao hakuutarajia. Akatoa bahasha ya shukrani. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga.

Kisha mvua ikanyesha. Nilienda stoo kuchukua mbegu za ndengu ambazo mama mkwe alitutumia kutoka Kyuso, alizozichagua kwa mkono, moja moja. Gunia lilikuwa jepesi. Juu kulikuwa na ndengu za kujaza kikombe kimoja. Chini yalikuwa maganda matupu.

Nilimwita. "Mbegu ziko wapi?"

"Labda panya."

"Panya hawajui kufunga gunia kwa kamba. Ni nani huyo mwanamke?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa. "Mwanamke gani?"

Akakaa juu ya debe, akanipa simu. Alinionyesha mchezo: kandege kanapaa, pesa uliyoweka inaongezeka kadiri kanavyopanda, na unatakiwa kutoa kabla hakajapotea. Usipowahi, yote yameenda. Mbegu alikuwa ameziuza apate za kuchezea.

"Na siku ile ya Sara?"

"Niliwahi," alisema, macho chini.

Kwa muda nilitamani angekuwa mwanamke kweli. Mwanamke ningejua kwao. Halafu akaongeza jambo lililoniogopesha kuliko gunia lile: "Kila nikicheza nilikuwa naomba kwanza. Nikipata, najua Mungu amesikia. Nikikosa, nafikiri ananijaribu."

Asubuhi alienda mwenyewe kumwita pasta. Pasta alikunywa chai yetu bila haraka, kisha akamwambia, "Askari walipigia kura kanzu ya Yesu pale pale chini ya msalaba. Yeye yuko juu yao anakufa, wao wanaangalia nani atashinda. Ndugu yangu, hiyo ndiyo kamari. Inakuzuia kuinua macho."

Mume wangu alilia. Pasta akageuka kwangu.

"Hata mimi ile bahasha niliishuku," alisema. "Lakini paa la kanisa lilikuwa nusu. Sikuuliza."

Sikuweza kumlaumu. Gauni langu lilikuwa kwenye kamba pale nje, linakauka.

Mume wangu aliacha uzee wa kanisa, akauza ile simu na kununua kabambe, simu ndogo ya vibonye isiyo na mtandao. Mama mkwe alikuja kutoka Kyuso na mfuko mwingine wa mbegu. Mwanawe alinyoosha mikono kuupokea. Mama akampita, akauweka mikononi mwangu.

"Asante, mwaitu, mama yangu," nilimwambia.

"Huyu usimwonyeshe unapoziweka," alisema, mwanawe amesimama hapo hapo.

Tulipanda tumechelewa. Mvua ilikatika mapema, tukavuna kidogo sana, na mwaka huo tulinunua ndengu sokoni kama watu wasio na shamba. Nilienda kwa yule mjane nikamwomba msamaha. Hakuwa amejua kosa. "Mama, mimi nilidhani una presha," alisema, akanishika mkono.

Sasa ni msimu wa nne. Sijamwona akicheza tena. Wanasema upendo hauhesabu mabaya, nami naomba nifike hapo, lakini sijafika. Mwezi uliopita alirudi kutoka Malili na kuku wawili. Kabla sijawasha jiko, nilimpigia msimamizi wake nikamuuliza kama wamelipwa.

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Amesemaje?"

"Amesema wamewalipa jana."

"Basi teleka maji ya kunyonyolea," alisema, akachukua kisu akatoka.