Maji Matamu ya Pipani

Tangu wimbi la pale Watamu lilipompiga mwanangu kikumbo, akiwa hata miaka miwili hajatimiza, maji yakawa adui yake. Kumwogesha ikawa vita. Jirani wetu hapa Kibarani akawa ananiuliza juu ya ukuta, kwa adabu zake zote, kama namwogesha au namchuna ngozi. Nikafika mahali namfuta kwa kitambaa kama meza, kisha naenda zangu chooni kulia.

Basi simu ikaniletea wokovu. Mwanamke mmoja mwenye kucha safi, ambaye sidhani amewahi kumwogesha mtoto wa mtu, alikuwa kwenye video akifundisha michezo ya maji ya kuamsha hisia za watoto. Rangi kidogo, sponji, vikombe, na mama atulie. Mifereji imekauka wiki nzima, ati mama atulie!

Hata hivyo nikajituma. Nikateka maji ya kisimani, yale ya chumvi, maana maji matamu yalibaki pipa moja tu jikoni, ya chai na ya kupikia, na mwenye mkokoteni wa maji hapokei simu. Nikajaza beseni, nikatia rangi ya keki, nikavipanga vikombe. Nikapiga magoti nikayachezea mwenyewe, nacheka peke yangu kama niliyerogwa. Bwana mdogo akanitazama, akalitazama beseni, akaenda zake. Hisia zilizoamka zilikuwa zangu.

Nilikuwa nikiyamwaga yale maji ya buluu kwenye mpapai niliposikia chubwi jikoni. Halafu kicheko.

Nikakimbia. Alikuwa amepanda kigoda, mkono umezama pipani hadi begani, katika maji yetu matamu. Ndara yake moja ilikuwa inaelea. Ya pili akaitumbukiza mbele ya macho yangu.

Nikafungua mdomo nipige kelele. Lakini alikuwa anachota kwa kiganja na kujimwagia kichwani, mwenyewe, bila hofu yoyote. Nikaufunga mdomo. Nikamshika kiuno asije akatumbukia, nikampa kata, machozi yananitoka ovyo kwa furaha.

Jioni mume wangu akapiga funda la kwanza la chai, akakunja uso. Akauliza kama siku hizi tunachemsha bahari.

"Mwanao ameoga," nikamwambia. "Kwa maji ya pipani. Amejimwagia mwenyewe."

Akamtazama mtoto. Kisha akaimaliza chai yote, akanisogezea kikombe nimwongeze.