Mguu wa Baba Mkwe

Agripina ni muuguzi wa zahanati moja karibu na msitu wa Mgori, na wagonjwa wa moyo humwogopa kwa sababu haulizi wanaumwa wapi. Mkulima wa huku ukimwuliza kama anachoka, atakujibu hachoki, maana kuchoka ni tabia ya wavivu. Kwa hiyo yeye huuliza kazi. Siku hizi nani anapeleka ng'ombe majini? Usiku unalala kitandani au kitini? Mgonjwa hujibu kwa raha zake, na akimaliza kujibu amekwisha kujisema mwenyewe. Hapo Agripina hupima presha, husikiliza pumzi, kisha hubonyeza mguu juu ya kifundo kwa kidole gumba. Shimo likibaki, ni maji ambayo moyo umeshindwa kuyasukuma, naye anaandika rufaa ya hospitali.

Njia hiyo ilimshinda kwa mtu mmoja tu, ambaye aliishi naye boma moja.

Mzee Damiani, baba wa mumewe, alikuwa amewaachia wajukuu ng'ombe ili wajifunze. Kanisani alihamia benchi la nyuma, eti kuna upepo. Usiku alilala kitini akilinda mbuzi, na mbuzi wenyewe walikwisha kuuzwa tangu mavuno. Tena alivaa gambuti kiangazi chote. Agripina aliyaona yote hayo akaogopa, akaogopa kwelikweli, kwa kuwa wenye dalili kama hizo waliochelewa alikuwa amewasindikiza makaburini.

Lakini katika nyumba ile mkwe hamgusi baba mkwe. Hata kigoda cha mzee, Agripina hakukikalia. Mwenzake wa zahanati alikuwa likizo, basi akamtuma mumewe, Gerald. Gerald alikwenda, akarudi upesi.

"Nimembonyeza. Mguu mgumu kabisa, mzee ni mzima."

"Umebonyeza gambuti, Baba Kefa."

"Sasa nimvue viatu baba yangu? Mimi nani?"

Jumapili moja mchana mzee alitoka chooni, na katikati ya ua akasimama. Akashika nguzo ya kibanda, akahema kama aliyekimbizwa. Gerald alikimbilia barabarani kutafuta bajaji. Agripina akatoka jikoni, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Neno hilo lilimgharimu pumzi mbili.

"Baba, kaa hapo uvue gambuti."

"Mama Kefa, adabu umeiacha wapi?"

"Ninayo, baba. Mimi nageuka. Utajibonyeza mwenyewe."

Akageukia ukuta. Nyuma yake alisikia gambuti likigoma, kisha likitoka.

"Juu ya kifundo, baba. Kidole gumba. Bonyeza mpaka mfupani, ushikilie. Haya, achia. Unaona nini?"

Alimsikia mzee akiinama kutazama.

"Shimo."

"Limejaa?"

"Bado."

Kuku walipita wakiparua, wakaenda zao.

"Na sasa?"

"Bado lipo." Kisha akauliza kwa sauti ya chini ambayo Agripina hakuwahi kuisikia kwake: "Hilo ndilo baya?"

"Ndilo, baba."

Agripina alilia hapo hapo, uso ukutani, kwa uchungu wa kuutambua ugonjwa wa mtu huku amempa mgongo. Akajifuta kwa khanga.

"Geuka, Mama Kefa," mzee alisema. "Ukuta haunitibu."

Bajaji haikuweza kufika bomani. Ilingoja barabarani, na Gerald, aliyerudi kuwaita, alitangulia na blanketi na mto. Mzee alimnyooshea mkwe wake mkono. Agripina akasita.

"Shika," mzee akasema.

Akamshika. Ndio wakati watu walipokuwa wanatoka kanisani, kwa hiyo njia ilijaa. Mama Elina, jirani yao, aliziba mdomo kwa kiganja. Wengine walisimama kabisa, wakitazama bila kujificha. Mzee Damiani naye akasimama, akahema, akawangoja wote watazame vizuri.

"Mnashangaa nini?" akawauliza. "Ninaumwa moyo. Huyu ni nesi wangu."

Kisha akamwegemea kwa uzito wake wote.