Mashine Iliyosema Sita

Wiki niliyotoka hospitali, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilizijua namba za sukari kuliko sala zangu. Kabla ya kula, sukari ya damu iwe kati ya themanini na mia na ishirini. Ikishuka chini ya sitini, kula kitu kitamu haraka, la sivyo utazimia. Muuguzi alinikaririsha kwa Kifaransa mpaka nikaziota.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu aliyerudi kutoka Uganda, akaniletea kimashine cha kupimia alichokuwa akitumia shangazi yake Kampala. Alinionyesha pa kuweka tone la damu, akaenda zake kazini. Hapo nyumbani kwetu Nengo nikajichoma kidole. Kioo kikaandika sita nukta mbili.

Sita. Sikuwa na kizunguzungu wala jasho, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilidhani nimeshapita pale pa kusikia chochote. Sindano ya insulini nikairudisha mahali pake. Sukari ya sita uiteremshe wapi tena? Mama, aliyevuka mpaka kutoka Goma kuja kuniuguza, alikuwa tayari anakoroga chai ya sukari tupu.

"Kunywa, mwana wangu. Mi naona unaenda."

"Mama, tumbo imejaa."

"Tumbo haiue mutu. Kunywa."

Mchana kimashine kikasema kumi na nne. "Bon, inapanda," mama akasema, akafungua fanta ya tatu tangu asubuhi. Lakini themanini bado ilikuwa mbali mno. Nikanywa huku nalia. Alasiri ulimi ulikuwa mkavu kabisa, choo nakwenda narudi, na maandishi ya kalenda ukutani yakaanza kuingia ukungu. Nikajua ndiyo kufa kwenyewe.

Shemeji alirudi jua halijazama. Aliposikia habari ya sita, kwanza alicheka.

"Sita ni nzuri, shemeji. Mashine hii inahesabu kwa kipimo cha Uganda. Shangazi aliambiwa asubuhi iwe kati ya nne na saba. Sita ya kule ni kama mia na kumi ya hapa."

Kisha akanipima mwenyewe. Ishirini na moja. Kicheko kikamkatika. Kwa hesabu ya hapa hiyo inakaribia mia nne. Alitoka mbio kutafuta gari. Mama alibaki amesimama katikati ya chumba, akiziangalia chupa tupu kwenye meza.

Hospitalini muuguzi alinipima kwa mashine yao, akanidunga sindano, ndipo akauliza nimekula nini siku hiyo. Sikutaka mama aulizwe.

"Nilimupa yote nilikuwa nayo," mama akasema taratibu.

Nikamshika mkono. Siku nzima nilidhani mwenye hofu ni mimi, kumbe kila chupa mama aliifungua kwa hofu.